Tafakari ya wiki: Kijito alichoelekezwa na Mungu mwenyewe

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu ni 1 Wafalme 17:2–16.

Eliya hakwenda Kerithi kwa kubahatisha. Mungu alimtajia kijito kwa jina, akamwonyesha upande wa kwenda, akamwahidi hata wahudumu: kunguru watakaoleta mkate na nyama asubuhi, mkate na nyama jioni. Akatii, akaenda, akakaa. Kisha mstari wa 7 unasema "kile kijito kikakauka, kwa sababu mvua haikunyesha katika nchi."

Naomba wiki hii tukae kwenye mstari huo, maana kati yetu wapo waliopunguzwa kazini ambao bado hawajamwambia mtu.

Sababu iliyoandikwa ni moja tu, mvua. Hakuna neno juu ya zaka iliyosahauliwa, wala dhambi ya siri, wala laana ya ukoo. Nalisema hili kwa sababu nimesikia maombi ya ajabu wakiombewa watu waliopunguzwa. Mtu ametumikia ofisi moja miaka na miaka, Ijumaa anapewa barua, Jumapili anawekewa mikono na kuambiwa afunge mpaka ajue ni mlango gani alimfungulia adui. Huyo amepewa barua ya pili, na hii imetoka kanisani. (Kwa Eliya mambo yalikuwa magumu zaidi, kwa kuwa ukame ule aliutangaza yeye mwenyewe mbele ya mfalme Ahabu. Hilo nalo linataka tafakari yake.)

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini amri ya kusitisha misaada ya nje kwa siku 90 ili ipitiwe upya. Siku chache baadaye miradi mingi ya UKIMWI na kifua kikuu huku kwetu iliagizwa isimame. Waliorudi nyumbani ni wauguzi, washauri nasaha, wahasibu, madereva, na baadhi yao walikuwa kwenye kazi hiyo tangu miaka ile dawa za kufubaza virusi zilipoanza kuwafikia watu wa kawaida. Wengi hawakuiona kama ajira tu. Waliwafuata wagonjwa majumbani, wakawahesabia vidonge, wakapiga magoti nao. Wangeulizwa ni nani aliyewaweka pale, wangejibu bila kusita kwamba ni Mungu. Nami nasadiki hivyo. Mvua ilikatika Washington, kijito kikakauka Njombe na Kisumu, na dereva wa mradi hakuwa amekosa lolote.

Sasa angalieni mpangilio wa mistari. Neno la kumpeleka Eliya Sarepta liko mstari wa 8 na wa 9, baada ya maji kwisha. Kijito nacho hakikauki kwa usiku mmoja. Kwanza maji hupungua, halafu yanabaki madimbwi, halafu matope. Yule mtu wa Mungu aliyaona yote hayo akiwa palepale alipoagizwa kukaa, na kwa jinsi tunavyosoma hakuwa amepewa neno jingine. Kuna ndugu zetu wako hapo leo. Mshahara umekoma, neno jipya halijaja, na kila anayewapigia simu anawauliza, "Sasa mpango ni nini?" Kutokuwa na jibu la swali hilo si dhambi.

Na neno lilipokuja lilikuwa na uchungu wake. Nabii mzima aende akalishwe na mwanamke mjane, tena katika nchi ya Sidoni, kwa kina Yezebeli, mke wa Ahabu! Kaka zangu, hapa niwaseme kidogo. Mnajua wapo wanaume ambao miezi miwili baada ya barua bado wanaamka alfajiri, wanavaa, wanabeba begi, wanapanda daladala, wanashinda stendi au chini ya mwembe wa mahali fulani mpaka saa kumi na moja jioni, ili tu nyumbani na kwa majirani isijulikane. Eliya alifika kwenye lango la mji akaomba maji, na kabla yule mama hajafika mbali akaongeza, "niletee na kipande cha mkate." Aliomba kwa mtu aliyebakiwa na konzi moja ya unga. Mke wako akijua, mtapanga pamoja ada ya watoto na kodi ya nyumba. Asipojua, ataenda kukopa vikoba kwa kutegemea mshahara ambao haupo. Na kama sasa ni genge lake au mandazi yake yanayolisha nyumba, kula, shukuru, kesho uamke umwashie jiko.

Tena pipa la yule mama halikujaa. Andiko linasema unga haukupunguka, mpaka siku mvua itakaponyesha. Unga wa kila siku, basi. Kwa hiyo wewe uliyeshika kiinua mgongo, tulia. Wenye viwanja, vifaranga na pikipiki za kuuza watakuja mbio. Waambie wasubiri.

Fuatilia na haki yako bila aibu. Kwa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa walau mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimiza, lakini miaka inayohesabiwa haizidi 10. Aliyetumika miaka 20 atahesabiwa siku 70, na ni vizuri alijue hilo kabla hajaahidi mtu fedha. Kama unaamini uliachishwa isivyo halali, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inapokea lalamiko ndani ya siku 30. Mwanachama wa NSSF aulizie fao la kukosa ajira. Omba na cheti chako cha utumishi. Mama mjane aliokota kuni huku akiongea na nabii, na sisi tunaweza kwenda ofisini huku tunaomba.

Wazee wa kanisa, nina ombi moja kwenu. Mnayo orodha ya ahadi za jengo. Yule aliyepunguzwa msimsomee jina mbele ya usharika. Mfuateni nyumbani kabla hajaanza kukwepa ibada, mwambieni ahadi yake imesitishwa kwa sasa, na mwende na kilo kadhaa za unga.

Tuombe. Bwana, wapo waliokunywa maji ya mwisho na neno la kwenda mahali pengine halijawafikia. Wape unga wa leo. Wape ujasiri wa kusema nyumbani mwao. Waliosimama zamu ya wagonjwa wetu miaka yote ile, usiwasahau, na wagonjwa wenyewe wasikose dawa. Na wale wanaoziandika barua hizi, wape moyo wa kulipa stahiki zote kwa wakati. Amina.