Chupa Namba 17

Mwaka wangu wa pili chuoni nilipewa kazi ambayo hakuna mwenzangu aliyeitaka pale maabara: kulea wadudu wa unga. Chupa 24, kila moja na unga wa ngano uliochanganywa na hamira kidogo, na ndani yake mbawakawa wenye rangi ya kutu, urefu wao milimita 3 au 4 tu. Kila wiki niwachekeche, niwape unga mpya, niwarudishe kwenye kabati la joto. Ni wadudu wapole kabisa. Wanakula, wanazaana, na baada ya mwezi mmoja hivi yai limeshakuwa mdudu kamili.

Mitihani ilipoanza nikawasahau. Si siku mbili tatu; wiki sita nzima.

Siku niliyofungua lile kabati, harufu ndiyo iliyonipokea: kali, inayowasha puani, ukadhani mtu amemwaga klorini kwenye kitu kilichochacha. Bakuli la maji linalotunza unyevu lilikuwa limefurika na kulowesha chupa mbili za rafu ya chini. Moja ilikuwa na unga mtupu, tumeiweka kwa ajili ya kulinganisha. Nyingine ilikuwa namba 17, na humo walijaa wadudu hadi unga ulikuwa ukitembea. Unga wenyewe haukuwa mweupe tena, ulikuwa wa waridi. Nikabandika utepe kwenye zote mbili na kuandika TUPA.

Fundi wa maabara, mzee mmoja ambaye sikuwahi kumwona akifanya haraka, alizichukua akazinyanyua kwenye mwanga.

"Binti, mbona hii imeota ukungu na hii haikuota?"

Kweli. Ule unga mtupu ulikuwa na manyoya ya kijani kama zulia. Namba 17, pamoja na kulowa na kuganda mabonge, haikuwa na hata doa. Nikajibu kwamba labda wadudu wanaula ukungu.

"Labda," akasema Mzee. "Kajaribu."

Nilichokijua wakati ule kilikuwa cha vitabuni. Mbawakawa hawa wana tezi kifuani na nyingine mwishoni mwa tumbo, na wakibughudhiwa hutoa benzokwinoni, kemikali za ukoo uleule anaoutumia mbawakawa mpiga mabomu. Huyo wa pili ndiye mwenye sifa: anachanganya haidrokwinoni na haidrojeni peroksaidi katika chumba kidogo mwilini, vimeng'enya vinawasha mchanganyiko, na unatoka nyuma yake ukiwa na joto la karibu nyuzi 100, kwa mishindo inayofika 500 kwa sekunde. Wangu hawana mbwembwe hizo. Wanavujisha tu taratibu, na unga unanyonya. Mimi siku zote nilidhani ni silaha ya kufukuzia maadui wenye meno. Kwamba ukungu na bakteria nao ni maadui, na kwamba kuishi ndani ya chakula chako kunahitaji dawa ya kukilinda, hilo halikuwa limenipitia akilini.

Ili kuona kama kemikali hizo zinazuia vijidudu, nikatandaza bakteria aina ya Bacillus subtilis kwenye sahani ya agari, yaani rojo la kuoteshea vijidudu. Nikawakamata mbawakawa 20 kwa vidole, mmoja mmoja, nikawasaga kwenye matone machache ya maji ya chumvi, nikalowesha kiduara cha karatasi na kukiweka katikati ya sahani. Kesho yake bakteria walikuwa wameota mpaka kwenye ukingo wa karatasi, tena kwa raha zao. Nikampelekea Mzee ile sahani huku nimeshaandaa maneno ya ushindi kuhusu wadudu kula ukungu.

Hakuitazama sahani. Alinishika mkono akaugeuza. Ncha za kidole gumba na cha shahada zilikuwa na madoa ya kahawia ambayo nilikuwa nimeyasugua kwa sabuni usiku kucha bila mafanikio. Kwinoni, yaani zile kemikali za tezi, zikikutana na protini za ngozi hushikamana nazo. Haziondoki mpaka ngozi yenyewe ibabuke.

"Dawa yako hii hapa," akasema. "Umewaminya wakakumwagia yote."

Mara ya pili niliwaweka kwanza kwenye barafu, wakazubaa bila kupata nafasi ya kukasirika, nikawashika kwa koleo. Niliwasaga upesi na kufunika kichupa, maana kwinoni hupaa hewani. Safari hii nilitengeneza viduara vitatu: kimoja cha mbawakawa, kimoja cha mabuu yao, ambayo hayana tezi hizo, na kimoja cha maji ya chumvi matupu. Sikulala vizuri. Asubuhi, kwenye zulia jeupe la bakteria, kiduara cha kwanza kilikuwa kimezungukwa na pete safi, agari inaonekana mpaka chini. Viwili vilivyobaki vilikuwa vimezingirwa kotekote.

Nikapima pete kwa rula: milimita 4 kila upande. Nikapima tena. Kisha nikakimbilia kwa Mzee, nikaiweka sahani mezani kwake bila neno. Akavaa miwani, akaitazama kwa muda mrefu, akatikisa kichwa kukubali. Halafu akaniuliza kama zile chupa nyingine nimeshazichekecha.

Sikuwa nimechekecha hata moja.