Uvimbe wa kende usio wa kawaida: ujulikane jina kabla ya dawa

Kijana akija na uvimbe mgumu kwenye kende, kwa kawaida ni saratani ya seli za uzazi. Kundi hilo ni karibu asilimia 95 ya saratani zote za kende, na linatibika vizuri mno. Shida ni kwamba mazoea hayo humfanya daktari aandike dawa zilezile kwa kila uvimbe. Baadhi ya zile adimu hazisikii dawa hizo, na nyingine hazihitaji dawa yoyote baada ya upasuaji.

Kwetu mwambao kuna mtego wa ziada: busha. Matende yamefanya mabusha yawe jambo la kawaida kwa wanaume wengi, na kende iliyozungukwa na maji haishikiki kwa vidole. Busha lililotokea ghafla, au linaloambatana na uzito usio wa kawaida, lisinyonywe kwa sindano kabla ya ultrasaundi ya kende zote mbili. Wala kinyama kisichukuliwe kupitia ngozi ya mfuko wa kende. Limfu (maji ya mwilini yanayoweza kubeba seli za saratani) ya kende huelekea tumboni, karibu na figo, lakini ya ngozi ya mfuko huelekea kinenani. Ukitoboa hapo umeifungulia saratani njia ambayo haikuwa nayo.

Damu itolewe kabla ya upasuaji kupima AFP, beta-hCG na LDH, viashiria ambavyo uvimbe wa kende huweza kuvipandisha. Baada ya kende kutolewa, hCG hupungua kwa nusu kila siku 1 hadi 3, na AFP kila siku 5 hadi 7. Bila kiwango cha mwanzo huwezi kujua kama kushuka huko kunakwenda sawa. Mgonjwa akiwa na matiti yaliyovimba au amepungukiwa hamu ya tendo la ndoa, ongeza vipimo vya homoni za uzazi: testosteroni, estradioli, LH na FSH.

Upasuaji hupitia kinenani, mshipa wa kende (kamba inayobeba mishipa ya damu na njia ya mbegu) ukibanwa juu mapema, na kende hutolewa pamoja nao. Kisha inakuja hatua ambayo naona inapuuzwa kuliko zote: kopo la fomalini, dawa ya kuhifadhia kipande kilichotolewa mwilini. Kende nzima ikitumbukizwa bila kupasuliwa, ganda lake gumu huzuia dawa kupenya, katikati panaoza, na rangi maalumu za maabara zinashindwa kusoma kitu. Mkiwa mmeshakubaliana na mtaalamu wa patholojia, kipande cha mwisho cha mshipa kikatwe kwanza na kuwekwa kando, kwa sababu seli za uvimbe hubebwa na kisu na kupakwa pale, ikaonekana saratani imesambaa. Ndipo kende ipasuliwe kwa urefu na kuwekwa kwenye fomalini ya asilimia 10, ujazo mara 10 ya kipande chenyewe.

Maabara ikiweza, iombwe rangi maalumu za OCT3/4, SALL4, inhibini na CD20, zinazoonyesha protini za seli. Rangi hizi, zikisomwa pamoja na umbo la seli, hutenganisha magonjwa yanayofanana.

Mzee aliyevuka miaka 60 mwenye uvimbe wa kende, hasa pande zote mbili, fikiria limfoma (saratani ya seli za kinga) kwanza. Nyingi ni za seli B kubwa, na CD20 huwaka. Kutoa kende peke yake hakumponyi. Apimwe VVU, na homa ya ini B bila kukosa, kwani rituksimabu, dawa inayolenga CD20, huweza kuamsha virusi hivyo vikaua ini. Matibabu ya kawaida ni R-CHOP (rituksimabu pamoja na dawa nyingine nne), mizunguko 6 kila baada ya siku 21, methotreksati ya kulinda ubongo, na mionzi ya grei (Gy, kipimo cha mionzi) 25 hadi 30 kwenye kende iliyobaki. Mionzi hiyo ndiyo inayorukwa mara nyingi, mgonjwa akionekana amepona. Lakini dawa zinazopita kwenye damu haziingii vizuri kwenye kende wala kwenye ubongo, na huko ndiko limfoma hii hupenda kurudi. Mionzi huua mbegu za kiume na hushusha testosteroni, hivyo anayetaka watoto ahifadhi mbegu kabla ya dawa kuanza, na homoni ipimwe baadaye.

Uvimbe wa seli za Leydig, zile zinazotengeneza testosteroni, ni kinyume chake. Kwa watu wazima takriban 9 kati ya 10 si saratani. Ukiwa chini ya sentimita 2 na AFP na hCG zikiwa za kawaida, daktari mzoefu anaweza kutoa uvimbe tu na kubakiza kende, mradi patholojia iusome papo hapo mgonjwa akiwa mezani. Dalili za ubaya ni ukubwa unaozidi sentimita 5, seli zinazogawanyika kwa wingi, sehemu zilizokufa, na uvimbe kuingia kwenye mishipa ya damu. Ukisambaa, tibakemia na mionzi havisaidii sana. Tegemeo kubwa ni kutoa mapema matezi ya nyuma ya tumbo, na ufuatiliaji wa miaka mingi.

Uvimbe wa spamatositi huwapata zaidi watu wa makamo na wazee. Zamani uliitwa aina ya seminoma, saratani ya seli za uzazi inayosikia mionzi, na bado wapo wanaopewa mionzi bure kwa ajili ya jina hilo. Kutoa kende kunatosha, isipokuwa ndani yake kukionekana sarkoma, aina kali ya saratani.

Mgonjwa anapopewa rufaa, asibebe karatasi ya majibu peke yake. Aombe na vipande vyake vilivyohifadhiwa kwenye nta pamoja na vioo vyake vya darubini, ili hospitali anakokwenda ivisome upya kabla ya dripu ya kwanza.