Mikono ya Pwani Katika Baridi ya Kinangop

Hapa Mombasa, mwezi wa Julai, tunasema kipupwe kimeingia pale mtu anapozima feni usiku na kuvuta shuka kabla ya alfajiri. Kusi inavuma kutoka baharini, wazee wa barazani wanalalamikia magoti, na watoto wanapelekwa chuoni wamevishwa sweta, ilhali kipimajoto hakishuki sana chini ya nyuzi 20. Nimelelewa katika baridi ya namna hiyo. Kwa hiyo binti yangu alipopangiwa kufundisha Kinangop, kwenye nyanda za juu huko bara, nami nikaamua kumpelekea vitu vyake kwa pikipiki, niliwaza matairi, mnyororo, malori ya barabara kuu na mahali pa kulala, lakini mikono sikuiwaza hata kidogo.

Siku ya kwanza haikunipa onyo lolote. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni kilomita 480 na ushei, na sehemu kubwa ya njia hiyo, kuanzia Mariakani, Voi, Manyani hadi Mtito Andei, ni jua na vumbi. Nilipofika Emali upepo ulianza kuwa na ubaridi wa kupendeza, nikajisifu kwamba habari za baridi ya bara zimetiwa chumvi. Nililala Nairobi, na kesho yake saa kumi na mbili kasoro nikaanza kupanda kuelekea Limuru na Kinale, nikiwa nimevaa jozi mbili za glavu za sufu nilizonunua katika mitumba ya Kongowea, moja juu ya nyingine, nikiamini kuwa nimejikinga maradufu.

Kabla ya kufika Limuru ncha za vidole vilianza kuchoma kama zilizoguswa na pilipili. Kwenye msitu wa Kinale kulikuwa na ukungu mzito, na ule ukungu uligeuka matone juu ya sufu, yakapenya. Maumivu yakakoma, na kwa ujinga wangu nikashukuru. Sikujua kwamba kukoma kule ndiyo hatari yenyewe, mpaka nilipofika kwenye tuta nikataka kuvuta breki ya mbele: macho yaliona mkono umekaa mahali pake, lakini vidole havikunipa habari yoyote, na nilipovuta hatimaye nilivuta kwa mkupuo, gurudumu likateleza kwenye lami iliyoloa. Sikuanguka. Nilisimama kando ya barabara nikitetemeka, nikazima injini, nikaikumbatisha mikono kwenye ekzosi ili ipate moto. Hilo lilikuwa kosa la pili, kwa kuwa mkono uliokufa ganzi haujui moto wa kadiri na moto wa kuunguza. Nilitambua nimezidisha niliposikia harufu ya sufu inayoungua. Ngozi ilipona baada ya wiki moja, glavu hazikufaa tena.

Nilijikokota hadi Soko Mjinga, pale wanapouzia viazi, karoti na kabichi kando ya barabara ya Nakuru, nikaagiza uji wa moto. Kijana mmoja wa bodaboda alinitazama nikishika kikombe kwa viganja viwili kama mtoto, akaziangalia zile glavu zilizoungua, akaniambia, "Mzee, upepo ndio unakula mikono, si baridi. Hizo zinapitisha upepo kama chandarua." Kisha akanionyesha pikipiki yake. Kila upande wa usukani ulikuwa umevishwa mfuko mpana wa ngozi bandia wenye manyoya ndani, na mikono yake ilikuwa mitupu, haina glavu, na ina joto. Nilimwomba ruhusa nikauingiza mkono wangu mle ndani. Niliutoa kwa shingo upande.

Maneno yake niliyapima baadaye kwa hesabu na nikaona yana ukweli wa nusu na zaidi. Baridi yenyewe ipo: hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu hivi kwa kila mita 1,000 za kupanda, na uwanda wa Kinangop uko kiasi cha mita 2,500 juu ya bahari, kwa hiyo mtu atokaye Mombasa anapoteza nyuzi zipatazo 16 kwa kupanda tu, kabla hajahesabu alfajiri na msimu. Huko kuna asubuhi ambazo sakitu, ile barafu nyembamba ya alfajiri, hulala juu ya majani ya viazi na kuyaunguza. Lakini upepo unaongeza mengi. Katika hewa ya nyuzi 10, ngozi iliyo wazi ikipigwa na upepo wa kilomita 80 kwa saa hupoteza joto kana kwamba iko katika nyuzi 4 hivi, na kama imeloa huzidi hapo, kwa sababu maji yanayokauka hubeba joto la mwili pamoja nayo. Sisi watu wa Pwani tunaijua kanuni hii kwa upande wake wa raha, maana ndiyo inayopoza maji ya mtungi wa udongo uliowekwa dirishani. Mimi nilikuwa nimeigeuza mikono yangu kuwa mtungi.

Niliporudi Mombasa nilitaka kujaribu vifaa kabla ya safari nyingine, na hapo nikakutana na shida ambayo mkazi wa Limuru hana: hapa hakuna baridi ya kujaribia. Nilifanya jaribio sebuleni. Nilijaza chupa ndogo nne zinazolingana maji ya moto kutoka birika moja, nikaivisha ya kwanza glavu kavu ya sufu, ya pili glavu ya sufu iliyoloweshwa, ya tatu glavu ya sufu iliyofunikwa kwa mfuko mwepesi wa plastiki, na ya nne glavu ya ngozi yenye kitambaa laini ndani, nikaziweka zote mbele ya feni iliyofunguliwa mpaka mwisho. Mke wangu alipita akauliza kama chupa zinasafiri. Baada ya nusu saa, chupa ya glavu iliyoloa ilikuwa imepoa kabisa, ile ya sufu kavu ilikuwa vuguvugu la kukatisha tamaa, na ile ya sufu na plastiki ilikuwa bado ya kunywewa chai, ikiishinda hata glavu ya ngozi ambayo bei yake ilikuwa mara nyingi zaidi. Tangu siku hiyo niliacha kuuliza glavu ina unene gani, nikawa nauliza kama inazuia upepo na kama ndani yake kumebaki hewa iliyotulia. Ndiyo maana pia zile jozi mbili zilizobanana hazikunisaidia: ya juu iliikandamiza ya chini, hewa ikatoka, na damu ikabanwa isifike vidoleni.

Niliufikiria pia umeme, kwa maana kuna mishiko ya usukani inayopata moto kwa waya. Fundi wa umeme wa pikipiki aliniambia wazi kwamba jozi moja hula umeme unaokaribia wa taa ya mbele, na pikipiki yangu ya cc 150 haizalishi wa kugawa. Nikiiwasha usiku penye ukungu nitakuwa nachagua kati ya mikono na macho. Mada hiyo niliifunga.

Basi nikaenda Mwembe Tayari kwa fundi anayeshona viti vya matatu, nikamweleza mifuko niliyoiona Soko Mjinga. Alicheka sana. "Ami, Mombasa hii wataka kuivisha pikipiki koti?" Lakini ni fundi wa kweli, na alipoacha kucheka alichukua vipimo. Alishona nje kwa reksini ya viti, katikati akaweka sponji nyembamba, ndani akatumia blanketi kuukuu nililompelekea. Mfuko ulikuwa na mdomo mpana upande wa dereva, wa kutosha mkono kuingia na kutoka bila kuangaliwa, na upande wa mbele tundu dogo la usukani na nyaya, lililofungwa kwa kamba.

Toleo la kwanza lilikuwa na kasoro ambayo ingeweza kunigharimu. Nilipolijaribu kwenye barabara ya Miritini, mwendo ulipopita kilomita 60, upepo uliisukuma reksini ikalalia breki, na taa ya nyuma ikabaki inawaka ilhali sikuwa nimeigusa breki. Upande wa ekseleta, kitambaa cha ndani kilijikunja kwenye mshiko hata ukawa haurudi wenyewe upesi ninapouachia. Mtu akitaka kushona mifuko hii, hapa ndipo pa kutumia muda wake. Dawa yake ilikuwa mtungi wa plastiki wa lita 20 uliotoboka. Tulikata vipande viwili vilivyopinda kama ganda la dafu, tukavifunga kwenye usukani mbele ya breki na klachi kwa nati za vioo vya pembeni, tukaacha nafasi ya vidole viwili kati ya plastiki na breki, kisha mfuko ukavalishwa juu ya plastiki. Upepo sasa unagonga kitu kigumu. Blanketi la ndani lilipunguzwa karibu na ekseleta na kushonewa chini lisitembee. Baada ya hapo niliizungusha ekseleta mara nyingi, usukani ukiwa umekatwa kulia na kushoto mpaka mwisho, kabla sijaiamini.

Jambo jingine la mifuko ni kwamba swichi huzioni. Jioni kadhaa niliketi juu ya pikipiki ikiwa imezimwa, uani kwangu Kisauni, nikitafuta indiketa, honi na taa kwa kidole gumba huku nimefumba macho, na majirani wakawa na la kusema. Waseme. Mkono unaotafuta honi gizani hauna muda wa kusoma.

Safari ya pili ilinifundisha kwamba mifuko peke yake haitoshi kifua kikiwa baridi. Mwili ukihisi kiwiliwili kinapoa hufinya mishipa ya mikononi na miguuni ili kuhifadhi joto la moyo na viungo vya ndani, na mikono hunyimwa damu hata ikiwa imevishwa vizuri. Tangu hapo huanza kuvaa kuanzia katikati: fulana, sweta, kurasa kadhaa za gazeti zilizotandazwa kifuani, kisha jaketi lisilopitisha upepo. Shingoni huzungusha kikoi mara mbili na kuzichomeka ncha ndani ya jaketi. Sijaona skafu inayokishinda. Kwenye vifundo vya mikono, ambapo mishipa iko karibu na ngozi, huvaa soksi zilizokatwa vidole, na mikono ya jaketi huifunga kwa mkanda uliokatwa kwenye tyubu ya baiskeli ili upepo usipande hadi kwapani. Mkanda huo uwe wa kushika tu. Ukiacha alama kwenye ngozi umekaza mno.

Ndani ya mifuko huvaa glavu moja nyembamba na pana kidogo, ili nikilazimika kuutoa mkono, au nikianguka, nisiwe mtupu. Yule kijana wa bodaboda huendesha bila glavu na sitamwiga. Glavu za mpira za hospitali, ambazo wengi huzisifu kuwa za kuvaa ndani, nilizijaribu. Kwa safari ya nusu saa ni nzuri, kwa kuwa jasho halifiki kwenye sufu, lakini baada ya saa moja na nusu viganja vyangu vilikuwa vimekunjamana kama vya dobi, na nilipozivua barabarani upepo ukaipata ngozi iliyoloa. Siku ya mvua naona ni heri kubeba jozi mbili za glavu kavu katika mfuko uliofungwa na kubadilisha mara ya kwanza inapoloa.

Mshiko wenyewe pia una sehemu yake. Niligundua kwamba kila baridi inapozidi ninaubana usukani zaidi, na kubana kunafukuza damu na kuzidisha mtetemo unaoingia vidoleni. Sasa kila baada ya kilomita chache hukunjua vidole vya kushoto, kimoja baada ya kingine, kisha vya kulia njia inapokuwa nyoofu na tupu. Vikianza kuchoma sisubiri vinyamaze; nasimama, nazungusha mikono yote miwili kwa nguvu kama mtu anayetupa wavu, na damu husukumwa hadi kwenye ncha. Ekzosi siigusi.

Julai iliyopita nilipanda kwa mara ya nne. Pale kwenye lile tuta la Kinale ukungu ulikuwa uleule, nami niliivuta breki polepole kwa vidole viwili nikihisi mkato wa chuma chini ya glavu. Binti yangu alinipokea langoni, akanishika mkono kunisalimu, akaugeuza kuutazama. "Baba, umekuja na basi?"

Nikishuka, mifuko naivua Emali, kwa sababu kutoka hapo kwenda chini inageuka tanuri na mikono hutoka jasho. Naifunga juu ya mzigo, blanketi likiwa nje, na jua la Voi hulikausha kabla sijafika nyumbani. Ile ya kulia imeanza kuchanika penye tundu la nyaya. Fundi wa Mwembe Tayari ameniambia niilete kabla ya Ramadhani, na safari hii hakucheka.