Nilivyobadilisha oili ya giaboksi ya Mark II yangu kwenda sinthetiki

Kilichonitia adabu ni mlima wa Lushoto. Toyota Mark II yangu, modeli ya GX100 ya mwaka 1998, otomatiki ya gia nne, hapa Tanga mjini haikuwahi kunisumbua. Mji wenyewe tambarare, ndiyo maana baiskeli zimejaa, na kutoka Makorora hadi Raskazone hakuna pa kuipima giaboksi. Desemba tukawa tunakwenda ukweni, watu watano na gunia la nazi kwenye buti. Tulipoiacha Mombo na kuanza kupanda, gia ya pili ikawa inasita kwenda ya tatu, kisha inaingia kwa kishindo. Mama watoto akashika dashibodi: "Baba nanii, umemkanyaga mtu?"

Kwenye mji mdogo wa Soni, njiani, nikasimama, nikaiacha injini inaunguruma, nikachomoa kijiti cha kupimia oili ya giaboksi. Oili ile huwa nyekundu, unaona hadi kwenye kitambaa. Yangu ilikuwa kahawia iliyoiva, inanuka kama maharage yaliyoshika chini ya sufuria. Hapo sina wa kumlaumu. Oili ya injini nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kukosa, lakini ya giaboksi sikuigusa tangu ninunue gari, mwaka wa sita huo.

Niliporudi nikamwendea fundi wangu wa siku zote. Akakataa hata kuinama.

"Mwalimu, giaboksi ya otomatiki haichokozwi. Gari la zamani ukilitoa oili yake, umeliua. Mimi nimeziona tatu kwa macho yangu."

"Hizo tatu zililetwa zikiwa nzima?"

Akacheka. "Nzima zifuate nini hapa? Zilikuwa zimeshaanza kuteleza."

Basi jibu lilikuwa hilo. Ndani ya giaboksi kuna sahani za klachi zinazobanwa kwa presha ya oili. Zikishalika, ule unga wake unaoelea kwenye oili chafu ndio unaozisaidia kushikana kidogo. Ukimwaga uchafu ukaweka oili safi, mgonjwa anakata roho, na oili mpya inabeba lawama. Ya kwangu ilisita na kushtua, lakini injini haikuwa inapiga kelele huku gari halisogei. Nikaona bado ina uhai, ila tuende polepole, tusiisafishe kwa mashine ya presha.

Kuchagua oili kulinichukua muda kuliko kazi yenyewe. Kwenye kijiti pamegongwa aina inayotakiwa, Dexron II. Hiyo ni familia ya viwango vya oili ya giaboksi vya General Motors (GM), kampuni ya magari ya Marekani. Baadaye ikaja Dexron III, na mwaka 2005 ikaingia Dexron VI, ambayo ni nyepesi zaidi. GM waliacha kutoa leseni ya Dexron III mwishoni mwa 2006, kwa hiyo dumu lolote jipya lililoandikwa "Dexron III" leo, hayo ni maneno ya aliyetengeneza, si muhuri wa GM. Nikatafuta sinthetiki, yaani oili iliyoundwa kikemikali kiwandani, iliyoandikwa wazi kuwa inafaa magari ya Dexron II na III, nikaziepuka zile zilizoandikwa nyepesi. Bei yake ilipita mara mbili ya oili ya kawaida. Faida yake kubwa kwangu ni kuvumilia joto: haichoki wala kugeuka masizi upesi, na joto ndilo linaloua otomatiki kwenye mlima. Wanaosifu kwamba inatiririka vizuri kwenye baridi, sawa, lakini baridi gani ya Tanga? Na kuchanganyika na ile ya zamani iliyobaki ndani haina tatizo, zinaelewana.

Fundi akakubali kwa sharti kwamba likiharibika nisimtaje. Bolti za sampo, lile karai la oili chini ya giaboksi, ndizo zilizotutoa jasho. Gari linalolala karibu na bahari lina kutu hata mahali usipopafikiria. Bolti mbili vichwa vilikuwa vimeliwa, spana inazunguka bure. Tukazilowesha dizeli, tukanywa kahawa, tukarudi, moja ikakubali, ya pili ikabidi igongewe soketi ndogo. Sampo ilipoteremka nikaangalia kwanza sumaku yake inayonasa unga wa chuma. Ilikuwa imevaa tope la kijivu, laini kama masizi ya chungu, nikalisugua kati ya vidole: halikwaruzi. Hapo nilipumua. Ningekuta vipande vya chuma, ningefunika nikaanza kutafuta giaboksi nyingine. Chujio likaoshwa, gasketi mpya, bolti zikakazwa kwa mkono mwepesi, maana ni ndogo na zinakatika.

Kilichomwagika nilikipima kwenye chupa za maji: lita mbili na robo hivi. Giaboksi nzima pamoja na toki konvata, kile chombo kinachopeleka nguvu ya injini kwenye giaboksi kwa kutumia oili, inabeba lita sita na ushei, kwa hiyo ukimwaga chini unatoa kama theluthi tu, nyingine imejificha kwenye konvata. Ndiyo maana nilipanga mara tatu. Ya kwanza inakupa theluthi ya oili mpya, ya pili inavuka nusu, ya tatu inafika asilimia 70. Oili chafu aliichukua seremala jirani, anapaka nguzo za uzio mchwa wasizile.

Tukajaza kiasi kile kile kwa faneli kupitia tundu la kijiti. Hapo fundi akapima injini ikiwa imezimwa. "Imezidi, Mwalimu, tupunguze." Nikamshika mkono. Injini ikizimwa, oili ya konvata inarudi chini, kijiti kinadanganya. Nikawasha, mguu kwenye breki, nikapitisha gia zote kutoka P hadi L, kila moja nikihesabu mpaka tatu, nikarudi P, nikapima injini ikiwa bado inaunguruma: imetua kwenye alama ya COOL. Nikaenda Pongwe na kurudi ili ipate moto, nikapima tena, ikawa ndani ya HOT. Tungepunguza pale mwanzo, klachi zingekosa presha, na hadithi ya gari la nne ingekuwa yangu.

Mara ya pili, kama kilomita elfu moja baadaye, sikufungua sampo, nati ya kumwagia tu. Kesho yake nikakuta tone jekundu sakafuni. Moyo ukanidunda, maana wanasema sinthetiki inavujisha sili (mipira ya kuzuia oili isitoke) za gari la zamani. Nikaingia chini na tochi. Kumbe washa, ile pete ya kuziba chini ya nati, tuliirudisha ile ile iliyobonyea. Tukaweka mpya, tone likakoma. Mara ya tatu nilifanya peke yangu, uani, kwa saa moja.

Wakati wa Idi tukapanda tena Lushoto, mzigo karibu ule ule. Nilizima O/D (overdrive, gia ya nne) tangu tunaiacha Mombo ili gia isiwe inapanda na kushuka kila kona. Ya pili kwenda ya tatu ikapita kimya, na mama watoto alikuwa amelala. Soni nikasimama nikachomoa kijiti: nyekundu, imekolea kidogo, haina harufu ya kuungua.

Asubuhi nikiweka R kwa mara ya kwanza bado kuna kishindo kidogo. Oili haikukiondoa. Fundi anasema ni maunti ya giaboksi, mpira unaoishikilia kwenye gari, imechoka, na safari hii nimemwamini. Spea nimeagiza Dar.