Siku moja maishani mwangu: mkufunzi wa urubani anapopimwa kuwa mtahini

Saa 11 alfajiri. Nimeamka kabla ya alamu. Miaka yote nakaa kiti cha kulia na kazi yangu ni kusema, angalia spidi, punguza, sikiliza mnara, tena na tena. Leo nakaa kiti kilekile ila kazi ni kunyamaza, maana napimwa kama nafaa kuwa mtahini. Yaani mimi namtahini mtu, na kiti cha nyuma kuna mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga ananitahini mimi.

Saa 1 asubuhi. Napitia makaratasi ya dada anayetafuta leseni ya rubani binafsi: saa za mafunzo, cheti cha afya, matokeo ya nadharia. Watu wananiuliza sana mkufunzi anafikaje huku, basi nieleze hapahapa. Sisi tunafuata kanuni za EASA, shirika la usalama wa anga la Ulaya, na ili umtahini mtu wa leseni hii wanataka uwe umeruka saa 1000, ndani yake angalau 250 ziwe za kufundisha. Saa peke yake hazitoshi bado, unaenda kozi ya watahini, halafu ndo inakuja siku kama leo. Ukipita, cheti ni cha miaka 3 halafu unahuisha. Na ukiwa wewe mwenyewe umempa mtu zaidi ya robo ya mafunzo anayotakiwa kuwa nayo, huruhusiwi kumtahini. Hiyo naiunga mkono kwa moyo wote, maana mwalimu akimwona mwanafunzi wake anakosea anakumbuka alivyofanya vizuri juzi, ya leo hayaoni.

Saa 2 na nusu. Brifingi. Namweleza tutakavyoruka, mipaka ni futi 150 juu au chini kwenye mwinuko, digrii 10 kwenye uelekeo, na nani atashika ndege injini ikizima kweli. Kidole chake kinatetemeka juu ya ramani. Akajibu, "Sawa mwalimu," mkaguzi akainua kichwa. Nikamwambia taratibu, dada, leo mimi sio mwalimu wako, nikikaa kimya usidhani umekosea.

Saa 4. Tuko hewani, futi 2000, anatafuta reli kwenye ramani. Mshale wa mwinuko ukaanza kupanda. 2050. Hapo mkufunzi angeshasema "mwinuko", neno lilikuwa tayari mdomoni, nikaibana kalamu. 2100. 2130, bado futi 20 tu avuke mpaka. Akainua macho mwenyewe, akaona, akashusha pua kidogo, akarudi 2000 na kuendelea na ramani yake kama kawaida. Nilifurahi mpaka basi. Kitu nilichotaka kujua ni kama ataona akiwa peke yake huko juu na hakuna mtu kiti cha kulia, na ningesema lile neno moja nisingejua kamwe.

Saa 4 na dakika 50. Nikarudisha nyuma throto, ule mkono wa nguvu za injini, nikamwambia tufanye kama injini imekufa. Spidi ya kuelea akaipata haraka, shamba zuri akachagua, cheklisti vizuri kabisa, ila kulikuwa na moshi chini umelala kuelekea kulekule tunakokwenda, yaani upepo uko mgongoni, na yeye hakuuona. Tukaja juu mno. Nikajikuta nauliza, "Unaridhika na shamba lako?" Akasema ndiyo. Shamba likapita chini yetu tukiwa bado juu, nikamwambia weka nguvu tupande.

Saa 6. Tumetua, na kutua kwake kulikuwa safi. Mkaguzi akanivuta pembeni: kabla sijasema lolote, wewe umempa matokeo gani? Hapa ndo pagumu jamani, pagumu kuliko saa zote 1000, kwa sababu yule dada anaruka vizuri kweli na ulimi ulitaka kutafuta njia ya kumpitisha. Lakini ingekuwa injini imezima kweli, lile shamba asingelifikia. Nikasema sehemu ya dharura amefeli, nyingine zote amepita. Kanuni iko wazi, ukifeli sehemu moja unarudia hiyohiyo tu, zaidi ya moja unarudia mtihani wote.

Nikamwambia matokeo kwanza, maelezo baadaye, maana mtu akiwa anasubiri matokeo hasikii kitu kingine. Alilia kidogo. Nikamchorea shamba, moshi na njia aliyopita, akanyamaza akiangalia, halafu akasema, "Moshi nisingeukosa kama ningeutafuta."

Saa 8 mchana. Zamu yangu. Mkaguzi akasema nimepita, ila lile swali la "unaridhika" lilikuwa kufundisha, nilimpa jibu ndani ya swali, angekuwa mwepesi kidogo angeshtuka na mimi nisingejua kama ni akili yake au yangu. Ni kweli tupu. Sijajitetea.

Saa 10 jioni. Fomu. Sababu ya kufeli nimeiandika mara tatu. Ya kwanza niliandika "hakufika shambani", haimsaidii mtu. Ya mwisho: "Hakutambua mwelekeo wa upepo kabla ya kuchagua upande wa kutua, alikaribia na upepo wa nyuma akiwa juu mno." Mkufunzi wake kaisoma akiwa amesimama, akaniuliza moshi ulikuwa upande gani, kisha akaenda kumwambia yule dada waanze na hilo kesho asubuhi.