Bibi wa Mibuni Yetu Yuko Ermera

Dili, mji mkuu wa Timor ya Mashariki, ni ghali mno. Wanatumia dola ya Kimarekani, na kwa chumba chenye feni bovu na maji ya kukatika nililipishwa dola 45 kwa usiku, bila hata chai. Nilikuwa nimetoka Dar nikapitia Doha na Bali, sikuwa na nguvu ya kubishana. Siku za Dili sina la kuzisimulia. Nchi hiyo niliifuata kwa ajili ya mti.

Mwaka 1927, katika shamba la kahawa kisiwani humo enzi za Wareno, ulionekana mbuni uliobaki kijani huku wenzake wakimalizwa na ugonjwa wa kutu ya majani. Arabika na robusta, aina mbili za kahawa, zilikuwa zimechanganyika zenyewe, bila mkono wa mtu, jambo ambalo si rahisi kutokea: arabika ina kromosomu 44, robusta 22. Uzao wake ulifika Ureno, kwenye kituo cha utafiti wa kutu kilichoanzishwa Oeiras mwaka 1955, na kutoka huko ukasambaa duniani. Kenya wakapata aina ya kahawa iitwayo Ruiru 11 mwaka 1985. Kwetu Kilimanjaro, chotara za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungo, zinazohimili kutu na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa, zina damu hiyohiyo. Baba alizipanda kihambani Kibosho baada ya chulebuni kumaliza matunda ya mibuni ya babu. Ada yangu ya chuo ilitoka kwenye miche hiyo.

Gari la kukodi kwenda Ermera, eneo la kahawa milimani, walitaka dola 120, hela ya kumnunulia baba pampu mpya ya dawa. Nikapanda lori la abiria pamoja na kijana wa kunitafsiria, tukakaa juu ya magunia ya mchele, na baada ya Gleno ni mashimo na vumbi hadi Letefoho. Mgongo uliniuma kwa siku kadhaa.

Lakini lile shamba! Juu kuna miti ya kivuli ya jamii ya mkenge, mirefu mno, na chini yake mibuni ambayo haijapogolewa pengine tangu Wareno waondoke mwaka 1975. Mjukuu wa mwenye shamba alipanda mbuni kama anayepanda mwembe, akaninamishia tawi nichume. Kwetu mbuni unachumwa ukiwa umesimama chini. Mzee akanipeleka hadi kwenye ile yenye majani mapana, mazito, yasiyo na doa hata moja la rangi ya chungwa. Nikaushika mmoja. Nilitokwa na machozi mbele za watu na sikuona haya.

Nikamweleza mzee kwamba ukoo wa mti huu umesomesha watoto Kilimanjaro. Hakuna aliyewahi kumwambia. Akamwita mkewe, akawaita na majirani, nikarudia habari yote tangu mwanzo, kijana akitafsiri. Walipomaliza kushangaa, mzee akauliza swali ambalo mkulima yeyote wa Kibosho angeuliza: kilo mnauza bei gani? Yeye buni nyekundu huuza kwa senti 40. Nilipomwambia kwamba sisi tunapeleka kahawa ya maganda kwenye ushirika, kisha tunasubiri malipo kwa miezi, akacheka kwa uchungu na kunishika bega.

Mtandao ulipatikana mlimani, nikampigia baba kwa video. Kwetu ilikuwa bado asubuhi. Alipoiona mibuni ile akasahau hata salamu. “Mwambie mzee mwenzangu aikate visiki ichipue upya! Mti mrefu hivyo unazaa nini?” Kijana akatafsiri. Mzee akajibu kwamba kisiki kitamweka miaka miwili au mitatu bila mavuno ya maana, na wajukuu wanakula kila siku.

Baba alinyamaza. Ni jibu lilelile alilompa bwana shamba wetu mwaka jana, nilikuwepo.

“Basi mwambie akate michache michache,” akasema. “Na mimi nitaanza na ile ya upande wa mfereji.”