Tausi shambani: kumbukumbu ya mradi, Machi hadi Septemba

Machi

Kundi limerudi kwenye mialoni nyuma ya gereji na madume wameshaanza kelele. Kwa mgeni wa kumbukumbu hizi: niko mashambani nje ya Ocala, Florida, nalima mchicha, bamia, matembele na kisamvu, nawauzia Waafrika Mashariki wa Orlando na Tampa. Tausi hawa hawana mwenyewe. Aliyewafuga aliuza shamba akahama, ndege wakabaki na kuzaana.

Florida hawahesabiwi kuwa wanyamapori wa asili, kwa hiyo idara ya wanyamapori ya jimbo haiji kuwachukua. Lakini ukimtesa ndege, sheria ya ukatili kwa wanyama inakuhusu. Kaunti nazo zina sheria zao; Miami-Dade, kwa mfano, wamewalinda miaka mingi. Nilipiga simu kwenye kaunti yangu kwanza kabla ya kugusa hata unyoya.

Mama yuko Tanga, anacheka kwenye simu: "Mwanangu, ndege wa Ikulu huyo, wewe unamfukuzia nini?" Nikamtumia picha ya tuta la mchicha. Tausi hang'oi, anakata ncha changa moja moja, tuta zima, kama mchuuzi anayefunga mafungu ya sokoni. Jibu lilikuja upesi: "Basi wachinjeni."

Aprili

Mwezi wa pikapu. Ni nyeusi, na dume mkubwa akipita anamwona mpinzani mlangoni. Anasimama, anainamisha shingo, anamkagua mwenzake wa kwenye bodi, kisha anaruka miguu mbele na vikwaru vinakwaruza hadi chuma kinaonekana. Anapumzika, anazunguka upande wa pili kuangalia kama yule jamaa amekimbia, anaanza upya. Turubai limemaliza kesi hiyo, kwa kuwa asipojiona hagombani.

Bundi wa plastiki na CD za kuning'iniza sizipendekezi kwa mtu yeyote. Siku chache tu wakawa wanalala jua pembeni ya bundi. Kinyunyizio chenye kihisi mwendo ndicho kimefanya kazi, ila ukihamishe mara kwa mara, maana wanajifunza mpaka wa maji kwa hatua. Juu ya mchicha nimepinda mabomba ya plastiki na kutandaza wavu, kingo nimezifukia udongo. Kisamvu hawakigusi kabisa.

Mei

Chakula cha paka. Mzee jirani alikuwa anajaza bakuli barazani kutwa nzima, na tausi anakipenda kuliko mboga zangu. Nilimpelekea bamia, tukazungumza. Sasa anawalisha paka ndani na anaondoa bakuli. Mapaka wamenuna, lakini asubuhi kundi haliji tena moja kwa moja kwenye uzio wetu.

Juni

Hapa ndipo kazi yenyewe ilipo. Kumfukuza dume ni kujifurahisha tu. Hesabu ya mwakani iko chini ya jike. Anataga mayai manne hadi sita hivi, kwenye majani marefu au nyuma ya mbao, na anaatamia siku 28. Ukiyachukua, anataga mengine. Kwa hiyo unayaacha, lakini unayapaka mafuta ya mahindi yai zima, hewa isipite kwenye ganda, kilichomo kisikue. Jike anaendelea kuatamia, msimu unampita.

Hili lifanywe mapema. Natumbukiza yai kwenye ndoo ya maji: likizama bado ni changa, napaka, likielea limeshakomaa mno, nalirudisha lilivyo. Ni kubwa kuliko la kuku, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai, ganda gumu. Nenda jike akiwa ametoka kula, na uvae glovu nene, maana akirudi ghafla mabawa yake hayachezewi.

Huko Pinecrest, karibu na Miami, mji uliamua kumtumia daktari wa mifugo kuwafunga uzazi madume. Dume aliyefungwa analinda eneo lake na kuwapanda majike wake kama kawaida, mayai hayana kitu. Akili ni ileile, ila mfuko wangu unaishia kwenye chupa ya mafuta.

Agosti

Madume wamepukutisha mikia, kelele zimekwisha. Manyoya yamechukuliwa na kina mama wa Tampa kwa mapambo ya harusi.

Septemba

Tego: banda la wavu la kuingia kwa miguu, mahindi ndani, mlango umezuiwa usijifunge mpaka walipozoea kula humo. Kisha jioni moja nikauachia. Ukiwa nao ndani, funika kichwa kwa kitambaa na kumbatia mabawa; gizani wanatulia. Usimshike mkia, utabaki nao mkononi.

Waliochukuliwa wamekwenda kwa mfugaji anayewafungia mwezi mmoja au miwili kabla ya kuwaachia, la sivyo wanatafuta njia ya kurudi walikozoea. Waliobaki ni wachache, na yule dume wa pikapu yumo. Tego litarudi chini ya mwaloni Februari. Anayewataka aseme mapema, lakini awe na banda lililofunikwa wavu hadi juu. La wazi sipeleki ndege.